Binti Anayepima Kuchelewa

Mtoto wa marehemu mdogo wangu ana kazi ya kupima kuchelewa. Nikisema hivyo mtaani watu hucheka, na anayecheka kuliko wote ni fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ambaye sare alizoahidi Ijumaa hutoka Jumatano ya wiki nyingine.

"Mwambie aje anipime na mimi," aliniambia siku moja, pini mdomoni.

"Wewe hupimwi kwa saa. Wewe unataka kalenda."

Wacheke tu. Kazi ni kazi, na hii wanaoiweza ni wachache. Mimi ndiye niliyemlea, nimeiona kazi yenyewe tangu ikiwa mchezo wa mtoto, na nitaieleza kama ilivyo.

Mtaani wanamwita Sekunde. Alikuja kwangu ana miaka sita, na mfuko mmoja wa nguo, na swali. Aliuliza mama yake atachukua muda gani kurudi. Sikumdanganya. Nilimwambia harudi. Akanitazama, akasema, "Kwa hiyo hajachelewa." Nikamwambia hapana, hajachelewa. Tangu siku hiyo mtoto huyu hakuwahi kuchanganya aliyechelewa na aliyekufa, na watu wazima wengi nimewaona wakichanganya.

Mimi nilikuwa tarishi. Miaka thelathini na moja nimebeba mafaili katika jengo moja la ghorofa nne, lifti mbovu, ngazi za saruji. Shule ikiisha mchana Sekunde alikuja kunisubiri masjala, pale mafaili yanapotunzwa, na nikitoka na faili alinifuata nyuma kama mkia. Siku moja alichora jengo letu mgongoni mwa jalada kuukuu. Nikaona amekosea kila kitu. Chumba cha mhasibu, kilichopakana na masjala ukuta kwa ukuta, amekitupa pembeni kabisa ya karatasi. Mpiga chapa wa ghorofa ya nne amemweka ubavuni mwetu.

"Mhasibu yuko hapa hapa," nikagonga ukuta kumwonyesha.

"Yuko mbali, Mama Mkubwa. Faili lake linachukua siku tatu. La mpiga chapa unapanda nalo na unashuka nalo."

Na ni kweli. Faili la mhasibu lilikuwa lazima lipande kwanza kwa mkurugenzi, lilale huko, lipate sahihi, ndipo lishuke upande wa pili wa ukuta ule ule. Mtoto alikuwa amechora jengo kwa muda, si kwa hatua. Nilimkaripia kwa kuchorea jalada la ofisi, lakini nilijua nalea mtu mwenye macho.

Leo ana miaka thelathini na tatu na anafanya kazi chuoni, kwenye chumba chenye meza tatu, feni moja na dirisha lisilofunguka. Wenzake wanatengeneza mtandao wa zahanati na maduka ya dawa, kompyuta laki moja zinazopeana taarifa moja kwa moja, bila kompyuta kubwa ya katikati ambayo ikizimika wote wanakwama. Sasa, huwezi kununua kompyuta laki moja ili ujaribu kama wazo lako linafanya kazi. Unaigiza. Unachukua mashine moja yenye nguvu, unaiambia ijifanye mashine laki moja, halafu unatazama zinavyosemezana. Shida ni kwamba hizo za kuigiza zote zimo ndani ya tumbo moja. Zikiulizana hujibizana papo hapo, kama mtu anayeongea peke yake. Intaneti ya kweli haiko hivyo. Ujumbe una njia yake, una foleni, una kona za kuzunguka. Lazima atokee mtu wa kuiambia ile mashine: kutoka hapa kwenda pale chelewesha kiasi hiki, kutoka pale kwenda kule kiasi kile. Mtu huyo ni Sekunde.

Kupima kila kompyuta na kila kompyuta hawezi, angezeeka kabla ya kumaliza. Alichofanya, alitengeneza visanduku mia mbili na arobaini, kimoja ukubwa wa mche wa sabuni, akaviweka majumbani mwa watu. Kutwa kucha vinapigiana hodi kwa njia ya intaneti na kuandika jibu limechukua muda gani kwenda na kurudi. Kutokana na hivyo alichora ramani ambayo umbali wake ni muda, si kilomita, na zile kompyuta ambazo hakuzipima akazipa mahali kwa kuangalia zilizo jirani nazo. Vipimo vyenyewe ni milisekunde. Sekunde moja ina elfu moja. Nimeuliza mpaka nikaelewa, na sikuona haya kuuliza.

Kisanduku kimoja aliweka kwangu, chini ya meza ya televisheni. Kingine aliweka kwa fundi, kwa sababu fundi ana intaneti ya kampuni nyingine. Hapo ndipo yalipoanzia.

Alhamisi moja alikuja nyumbani na mkuu wake wa kazi, mwanamume nadhifu mwenye viatu vinavyong'aa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Viatu viache mlangoni."

Akaingia na soksi, akapiga magoti kutazama chini ya meza. Alikitazama kisanduku changu kama daktari anayemtazama mgonjwa anayejifanya.

"Hiki kinadai kwamba kutoka hapa mpaka kwa yule fundi ni milisekunde mia nne na kumi na mbili," alisema. "Kutoka hapa mpaka chuo kilicho nchi ya tatu ni tisini. Mama, hivi nilivyo hapa namsikia fundi akipiga chafya."

"Hata mimi namsikia. Chafya yake haipiti kwenye intaneti."

Sekunde akageukia dirishani kuficha uso. Kisha akaeleza, taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Kampuni yangu na kampuni ya fundi hazijaungana hapa mjini. Ujumbe wangu kwa fundi hupanda waya, unavuka bahari mpaka nchi za watu ambako kampuni hizo mbili zinakutana, unakabidhiwa, ndipo unarudi safari yote hiyo mpaka ng'ambo ya barabara.

"Faili la mhasibu," nikasema.

"Ndilo hilo, Mama Mkubwa."

Mkuu hakuuliza mhasibu gani. Alisimama akijipangusa magoti. "Njia moja katika kila saba iko hivi. Zinavuruga ramani nzima. Majirani hawawezi kuwa mbali hivyo, hayo ni makosa ya vifaa vya majumbani. Yafute."

"Yanayokataa kukaa kwenye ramani nimeyaandika pembeni, moja moja, kama yalivyo," Sekunde alisema. "Mashine inayasoma vizuri tu."

"Kikao ni Jumanne. Njoo na ramani safi. Ukija na hii, atawasilisha mwingine."

Alipoondoka nikamuuliza binti yangu, hivi yakifutwa kuna ubaya gani, si namba tu? Akaniambia neno ambalo mpaka leo linanikera. Ule mtandao wa zahanati utawekewa muda wa kungoja. Wakiujaribu kwa ramani iliyosafishwa, wataona kila mmoja anajibu ndani ya milisekunde mia tatu, na mia tatu ndiyo watakayoandika. Atakayepita hapo, mashine itamhesabu amekufa na kumtoa kwenye orodha.

"Kwa hiyo zahanati ya mtaa huu ikiuliza dawa duka la ng'ambo?"

"Itakuwa inaita, inajibu, iko hai. Na wenzake wameshaifuta."

Kesho yake alisafiri kwenda kutengeneza visanduku vya miji mingine, arudi Jumatatu. Nikabaki na nyumba na mawazo. Niliona mtoto wangu atanyang'anywa kazi aliyoifanya miaka miwili kwa sababu ya kisanduku changu na cha fundi, ambavyo havitaki kuelewana. Nikajiambia, tatizo si umbali? Umbali mimi naujua dawa yake. Jumamosi asubuhi nikakichomoa, nikakifunga kwenye kanga, nikavuka barabara.

"Bi Faili, umeniletea nini tena?" fundi akauliza. Ndivyo wanavyoniita mtaani.

"Nimemleta huyu akae na mwenzake. Wakae bega kwa bega wazoeane."

"Anakula umeme?"

"Kidogo kuliko unavyokula wewe maneno."

Akanisogezea vitambaa, tukakichomeka kwenye soketi yake na kwenye kisanduku chake cha intaneti, kando ya kile kingine. Taa ya kijani ikawaka. Nilirudi nyumbani nimenyoosha shingo.

Sekunde alifika Jumatatu jioni, mkoba ungali begani, macho yake yakaenda moja kwa moja chini ya meza.

"Mama Mkubwa, kisanduku kiko wapi?"

"Nimekisogeza karibu na mwenzake. Nilitaka ufurahi."

Akakaa sakafuni. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Akatoa simu akanionyesha ujumbe ambao mkuu wake aliwatumia watu wote wa kikao siku ya Jumapili. Ulisema kwamba kutoka kwangu mpaka kwa fundi sasa ni milisekunde mbili, kwamba kosa limejirekebisha lenyewe, kama alivyosema tangu mwanzo.

"Umetoboa ukuta wa mhasibu," Sekunde akasema. "Mko kwenye kampuni moja sasa, ujumbe hauna haja ya kusafiri. Lakini zahanati haiwezi kufungwa kwenye kanga ikahamishwa."

Nilielewa, na nikaona aibu, na aibu mimi hunifanya niwe mkali.

"Kesho utawaambia nini?"

"Ndiyo sijui. Nikinyamaza, mtaa umefutwa. Nikisema Mama Mkubwa alihamisha, watasema vipimo vyote vya majumbani ni vya kubahatisha."

"Hutasema wewe. Nitasema mimi."

"Mama Mkubwa, kile ni kikao cha watu wa kazi."

"Mimi nilikuwa mtu wa nini? Miaka thelathini na moja sikupoteza faili, na sikumwachia mtu aeleze faili langu lilikopita. Piga pasi lile gauni la bluu."

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu, watu saba, na ukuta mweupe wa kuonyeshea picha. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Mkuu aliponiona akamnong'oneza Sekunde kwa sauti ambayo hata viziwi wangeisikia, kwamba hapa si mahali pa kuleta familia.

"Sikuletwa," nikasema. "Nimekuja kwa miguu yangu. Natunza kisanduku chenu kimoja na nina la kusema juu yake."

Mwenyekiti akanivutia kiti. Nikawaambia kila kitu: kanga, barabara, soketi ya fundi, bega kwa bega. Nikasema nimekosea na nimekosea peke yangu, binti alikuwa safarini. Watu wawili wakacheka, wa tatu akakohoa.

Mkuu akafungua mikono kama mtu aliyekabidhiwa ushindi. "Mwenyekiti, ndilo tatizo nililoeleza. Vifaa vikiwa majumbani, kila nyumba ina bibi."

"Na kila zahanati ina mtu," nikamjibu. "Ukitaka mtandao usio na bibi, uwashe humu ndani ujisemeshe mwenyewe."

Safari hii walicheka wengi zaidi, na hawakunicheka mimi.

"Nisikilize, mwanangu," nikaendelea. "Mwaka wangu wa tano kazini nilitumwa na faili kwenye tawi la nje ya mji, nikaambiwa nisirudi bila sahihi. Mwenye sahihi alikuwa ziarani. Nikangoja siku nne nikilala kwenye benchi. Niliporudi nikakuta jina langu limepigwa mstari kwenye orodha: mtoro. Na faili liko mkononi, lina sahihi. Aliyenipiga mstari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kanuni iliyosema siku tatu, na aliyeiandika hakuwahi kufika lile tawi. Wewe sasa unataka kuandika kanuni kama ile, na huyu binti amekwenda kule akakupimia njia, unamwambia afute njia."

Mkuu akasema hadithi si vipimo.

"Basi tupime," Sekunde akasema. Akaweka simu mezani, akampigia fundi, sauti ikisikika chumba kizima.

"Fundi, hujambo? Naomba ukichukue kile kisanduku chenye alama nyekundu, ukakichomeke kwa Mama Mkubwa kama kilivyokuwa. Ufunguo uko kwa jirani."

"Sasa hivi? Nina mteja hapa, nampima kiuno."

"Fundi," nikaingilia, "kiuno hakikimbii."

Tukangoja. Ukutani kipimo cha visanduku vyetu viwili kilisomeka mbili kwa tarakimu kubwa, kisha pakawa hakuna kitu. Nilijua fundi yuko barabarani, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwombea aharakishe. Dakika zikaenda kumi, kumi na mbili. Mkuu akatazama saa yake akasema kikao kina mambo mengine. Mwenyekiti akasema kitangoja. Kisha tarakimu zikarudi: mia nne na nane. Mia nne na kumi na tano. Mia nne na tisa. Simu ikasema, "Kiko mahali pake, Bi Faili, na kile chungu ulichoacha jikoni nimekifunika," na Sekunde akaikata haraka.

"Hakuna kosa la kifaa," akawaambia. "Kifaa kilisema kweli kikiwa kwa Mama Mkubwa, na kilisema kweli kikiwa kwa fundi. Sasa naomba mtazame kitakachotokea tukiamua kutokisikiliza."

Akaiwasha ile mashine inayojifanya mashine laki moja. Ukuta ukajaa nukta za kijani kama mchele uliomwagika. Kwanza akaiendesha kwa ramani safi ya mkuu, muda wa kungoja mia tatu. Kijani kitupu, raha ya macho. Mkuu akatikisa kichwa kuonyesha si mnaona. Kisha Sekunde akarudisha zile njia moja katika kila saba, akaacha mia tatu pale pale. Nukta zikaanza kugeuka nyekundu, hapa tatu, pale kumi, halafu makundi makundi. Mashine zilizofutwa zilikuwa hazikubali kukaa kimya. Zilipiga hodi upya ziingizwe, zikaingizwa, zikachelewa, zikafutwa tena, na kelele za hizo hodi zikawachelewesha hata waliokuwa wazima mwanzo.

"Mimi niko wapi hapo?" nikauliza.

Akanionyesha nukta. Ilikuwa nyekundu.

"Basi mniangalie vizuri," nikawaambia. "Nimekaa kwenye kiti chenu, nimekunywa maji yenu, na mashine imeshaniandika marehemu."

Mwenyekiti akavua miwani. Hakuniuliza mimi, alimuuliza Sekunde, na ndivyo ilivyopaswa. "Unataka tufanye nini?"

"Tusiwawekee wote muda mmoja. Kila mashine ijifunze tabia ya kila jirani yake. Anayezoea kujibu kwa hamsini akifika mia mbili, mshuku. Anayezoea mia nne, mngoje zaidi ya mia nne. Na vipimo hivi vibaki kama vilivyo, hata kama ramani inakuwa mbaya kutazama."

"Jina la nani litakuwa juu ya ramani mbaya?" mkuu akauliza, akitaka kumtisha.

"Langu," akasema. "Liandikwe peke yake kama unaogopa la kwako kuchafuka."

Sikumfundisha jibu hilo. Au labda nilimfundisha bila kujua. Akaiendesha mara ya tatu, kwa njia hiyo yake, na ile nukta yangu ikabaki kijani muda wote, na nukta za wenzangu pia, isipokuwa chache ambazo alieleza kwamba hizo zimezimwa kweli. Mwenyekiti akaamua mbele ya watu wote: hakifutwi kipimo hata kimoja, na mtandao wa zahanati utajaribiwa kwa vipimo vya Sekunde. Mkuu alisema, "Tutaona." Hakusema samahani, na sikuwa nimekwenda kumtafutia samahani yake.

Wiki ile ile alikuja tena nyumbani. Safari hii viatu alivivua bila kuambiwa. Alikuwa na karatasi ya kutiwa sahihi na kila mwenye kisanduku, kwamba hatakihamisha, na yangu ilikuwa na mstari wa ziada chini. Nikavaa miwani nikasoma, neno moja moja, Sekunde akiwa jikoni anajifanya haoni. Mstari ulisema kwamba tarehe fulani mwenye nyumba aliharibu vipimo.

"Siweki sahihi hapa," nikasema.

"Mama, ni utaratibu tu."

"Utaratibu naujua kabla hujazaliwa. Sikuharibu. Nilihamisha, na nikasema mwenyewe kwamba nimehamisha, na kile kipimo cha mbili kilikuwa cha kweli, umekisikia kikielezwa. Andika alihamisha."

"Kwenye kumbukumbu haina tofauti."

"Kama haina tofauti, kalamu unayo."

Akatazama jikoni, hakupata msaada. Akakata lile neno, akaandika lingine juu yake, akatia herufi za jina lake pembeni kama inavyotakiwa faili likisahihishwa. Ndipo nikavuta kiti, nikaiweka karatasi sawa juu ya meza, nikaanza kuandika jina langu, herufi moja, nikapumzika, herufi nyingine. Alisimama na soksi zake kwenye sakafu ya baridi akingoja mpaka nikamaliza majina yote matatu.